Komoro: Uwanja wa Ndege ni Mlango wa Taifa

Katika nchi ya bara, uwanja mdogo wa ndege ni jambo la nyongeza. Ukifungwa, mwananchi hupanda basi au gari moshi. Atachelewa, lakini atafika. Katika nchi ya visiwa mambo ni tofauti. Uwanja ukifungwa, na meli isipokuja, mgonjwa hulala akingojea bahari itulie, dawa hukwama bandarini ng'ambo ya pili, na amri ya serikali huishia ufukweni. Ndiyo maana historia ya viwanja vya ndege katika nchi za visiwa si historia ya saruji na lami peke yake. Ni historia ya utawala, ya uhuru, na mara nyingine ya uhai na mauti ya watu. Miongoni mwa nchi jirani, Komoro ndiyo inayolithibitisha jambo hili waziwazi zaidi.

Visiwa vya Komoro, ambavyo wazee wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wamezoea kuviita Ngazija kwa jina la kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote, ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Vimekaa katika mlango wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagaska. Watu wake ni ndugu wa damu na wa dini wa watu wa Unguja, Pemba, Mafia, Kilwa na Lamu, na lugha yao ni jirani sana wa Kiswahili. Kwa karne nyingi bahari haikuwatenga watu hao; iliwaunganisha. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, yakachukua bidhaa, mashekhe na maharusi. Lakini upepo ndio uliokuwa ratiba, na aliyekosa msimu alingoja msimu mwingine. Dola ya kisasa, yenye wizara, hospitali, mahakama na mishahara ya kila mwezi, haiwezi kungoja hivyo.

Wafaransa waliitwaa Maore mwaka 1841. Visiwa vingine vitatu vikawekwa chini ya himaya yao mwaka 1886, na mwaka 1912 vyote vinne vikafanywa koloni na kuunganishwa na Madagaska. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1946. Makao ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa Maore. Mwaka 1958 uliamuliwa uhamisho wa makao hayo kwenda Moroni, Ngazija, na katika miaka ya 1960 maofisi yakahama. Kwa mtazamo wa ramani, uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, maana Ngazija ndiyo yenye watu wengi. Lakini kwa watu wa Maore maana yake ilikuwa nyingine. Kazi ziliondoka, fedha ziliondoka, na serikali iliyokuwa mlangoni sasa ikawa ng'ambo ya bahari. Manung'uniko hayo yalizaa chama cha siasa kilichodai kubaki na Ufaransa, na mkoloni hakuchelewa kuyatumia. Huo ndio ufa wa kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Komoro hadi leo inaukabili ukuta huo.

Harakati za uhuru zilikuwa na mizizi Dar es Salaam, ambako chama cha ukombozi cha MOLINACO kiliendesha shughuli zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Abdou Bakari Boina. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 22 Desemba 1974. Kwa jumla ya visiwa vyote, karibu asilimia 95 ya wapiga kura walitaka uhuru. Katika Maore peke yake, wengi waliukataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kura hizo kisiwa kwa kisiwa. Tarehe 6 Julai 1975 Rais Ahmed Abdallah akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne, na tarehe 12 Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kuwa mwanachama wake. Ufaransa ilibaki Maore. Kutoka visiwa vitatu vilivyosalia iliondoa misaada yake na wataalamu wake.

Nchi changa ikaachwa na viwanja lakini bila watu wa kutosha wa kuviendesha. Karibu na mji wa Moroni kulikuwa na uwanja mdogo wa Iconi. Uwanja mkubwa ni ule wa Hahaya, kaskazini mwa mji, wenye njia ya kurukia ndege ya urefu wa karibu meta 2,900, ambao umepewa jina la Mwana wa Mfalme Said Ibrahim, aliyepata kuiongoza serikali ya visiwa hivyo kabla ya uhuru. Nzwani ina uwanja wa Ouani, na Mwali una uwanja wa Bandar es Eslam. Njia zake ni fupi na zinafaa kwa ndege ndogo tu. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, mtu wa Nzwani au wa Mwali aliyetaka kwenda ng'ambo kwa ndege kubwa alilazimika kwanza kuvuka kwenda Ngazija. Mlango mkuu wa taifa ulikuwa mmoja, na ulikuwa kwenye kisiwa kimoja.

Haukupita muda mlango huo ukapata mtihani wake. Mwezi Desemba 1976 Wakomoro waliokuwa wakiishi katika mji wa Mahajanga, Madagaska, walishambuliwa katika machafuko ya siku chache na mamia ya watu wakauawa. Maelfu kwa maelfu walionusurika walirudishwa Komoro, wengine kwa meli na wengine kwa ndege za shirika la Kibelgiji la Sabena. Waliteremka wakiwa na vifurushi mikononi, katika nchi ambayo wengi wao hawakuzaliwa humo, na ambayo serikali yake ya Ali Soilih ilikuwa na hazina tupu. Wananchi wakawapa jina la ndege iliyowaleta: wakaitwa Wasabena. Jina hilo limebaki katika visiwa hivyo hata baada ya shirika lenyewe kufa. Ni nadra sana duniani kundi zima la watu kuitwa kwa jina la shirika la ndege, na hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi uwanja wa ndege ulivyoingia katika maisha ya Wakomoro.

Mlango ambao mwenyewe hawezi kuulinda hulindwa na mtu mwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1978 mamluki wa Kizungu walioongozwa na Mfaransa Bob Denard walishuka kutoka baharini, wakaipindua serikali ya Ali Soilih, na kabla mwezi huo haujaisha yeye mwenyewe akauawa. Abdallah akarudishwa madarakani. Mwezi Julai ujumbe wa Komoro ulifukuzwa katika kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Khartoum, kwa kuwa Afrika haikukubali kukaa meza moja na serikali iliyowekwa na mamluki. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi, kikosi cha ulinzi wa rais kilikuwa chini ya wageni hao, na gharama zake zililipwa na makaburu wa Afrika Kusini. Makaburu hawakutoa fedha hizo kwa mapenzi. Walifungiwa milango karibu bara zima, nao walihitaji mahali pa kutua. Abdallah aliuawa ndani ya ikulu tarehe 26 Novemba 1989, na wiki chache baadaye mamluki wakaondolewa nchini.

Denard alirudi tena mwezi Septemba 1995, safari hii pia kwa mashua za usiku, akamkamata Rais Said Mohamed Djohar. Tarehe 4 Oktoba majeshi ya Ufaransa yaliingia, na miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyafanya ni kuviteka viwanja vya Hahaya na Iconi. Denard akajisalimisha. Kila aliyeitaka Komoro, awe mamluki au aliyekuja kumfukuza mamluki, alijua kuwa njia ya kuishika nchi hiyo ni kuushika mlango wake.

Shelisheli nayo ilijifunza somo hilo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 visiwa hivyo vilifikika kwa meli tu. Uwanja wa ndege wa kisiwa cha Mahé ulianza kazi mwaka 1971, na kwa muda mfupi uchumi wote ukageuka, kutoka nazi na mdalasini kwenda kwenye utalii. Lakini tarehe 25 Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare waliingia kwa mlango huohuo, wakiwa abiria wa kawaida wa ndege ya shirika la Swaziland, wakijifanya wanachama wa klabu ya wanywaji pombe. Afisa mmoja wa forodha alifungua mzigo akaona silaha. Mapigano yakazuka palepale uwanjani, na mamluki wengi wakakimbia kwa kuiteka ndege ya Air India na kuipeleka Durban. Afisa yule hakuwa jenerali. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyekuwa akifanya kazi yake kwa uangalifu. Mara nyingine hicho ndicho kinga ya taifa.

Tofauti kati ya nchi hizo mbili ilionekana zaidi katika usafiri wa ndani. Shelisheli ilihakikisha kuwa kati ya Mahé na Praslin, safari ya robo saa, ndege ndogo hupita mara nyingi kwa siku. Huko Komoro, shirika la taifa la Air Comores lilikufa katikati ya miaka ya 1990 kwa madeni na uendeshaji mbaya. Baada yake yalikuja makampuni madogo ya watu binafsi, moja likizaliwa na jingine likifa. Katika miaka hiyohiyo mishahara ya watumishi wa serikali ilicheleweshwa kwa miezi, na watu wa Nzwani na Mwali wakaona kwamba Moroni inachukua kila kitu na hairudishi kitu. Mwaka 1997 visiwa vyote viwili vikatangaza kujitenga. Haiwezi kusemwa kwamba kukosekana kwa ndege ndiko kulikoleta uasi huo; sababu zilikuwa nyingi, na tamaa za wanasiasa zilikuwa miongoni mwake. Lakini serikali isiyoonekana, isiyofika na isiyofikika, ni rahisi sana kukataliwa.

Serikali ilijaribu kuirudisha Nzwani kwa nguvu mwezi Septemba 1997 ikashindwa vibaya. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoona mazungumzo hayaendi, uliweka vikwazo dhidi ya watawala wa Nzwani, na usafiri wa anga na bahari ukawa silaha. Makubaliano ya Fomboni, Mwali, ya tarehe 17 Februari 2001 yalileta katiba mpya iliyokipa kila kisiwa serikali yake na kuufanya urais wa Muungano uwe wa zamu. Amani hiyo ilitikiswa mwaka 2007, pale Mohamed Bacar, rais wa kisiwa cha Nzwani, alipofanya uchaguzi ambao Muungano na Umoja wa Afrika waliukataa, naye akakataa kuondoka.

Alfajiri ya tarehe 25 Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, yakiwemo ya Tanzania na ya Sudan, pamoja na askari wa Komoro wenyewe, yalishuka Nzwani. Wakati huo Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Uwanja wa Ouani ulitwaliwa mapema asubuhi hiyo, na mji wa Mutsamudu nao ukaanguka. Bacar alitorokea Maore, kutoka huko Wafaransa wakampeleka Réunion, na hatimaye Benin. Majeshi ya kigeni yaliingia Komoro kwa ridhaa ya Afrika na kwa shabaha ya kuiunganisha nchi. Mamluki walikuja kwa mashua usiku ili kuivunja dola. Safari hii askari wa Kiafrika walikuja kwa njia ya bahari ili kuijenga.

Lakini kuushika uwanja ni jambo moja, kuuendesha ni jingine. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya shirika la Ethiopia, iliyokuwa imetekwa nyara ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, iliishiwa mafuta juu ya Komoro. Rubani Leul Abate alijaribu kuifikia Hahaya. Hakuweza, akaishusha majini karibu na ufuko wa Galawa. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Wale 50 walionusurika waliokolewa kwa kiasi kikubwa na wanakijiji na wageni wa hoteli waliotoka na mashua zao. Hakukuwa na kikosi maalumu cha kuokoa watu baharini. Kulikuwa na huruma ya binadamu.

Miaka kumi na tatu baadaye huruma haikutosha. Usiku wa tarehe 30 Juni 2009 ndege ya shirika la Yemen, ikileta Wakomoro waliokuwa wakitoka Ufaransa kupitia Sana'a, ilianguka baharini ikijiandaa kutua Hahaya. Walikufa watu 152. Alipona msichana mmoja tu wa miaka 12, aliyeshikilia kipande cha ndege kwa saa nyingi gizani hadi alipookolewa na chombo cha raia. Uchunguzi uliona chanzo kuwa makosa ya marubani katika kuiongoza ndege. Mwezi Septemba 2022 mahakama moja ya Paris ililitia hatiani shirika hilo na kulitoza faini ya yuro 225,000. Wakomoro wa Marseille na Paris walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi juu ya ndege walizopewa upande wa pili wa safari. Kutoka Ulaya walipanda ndege nzuri. Walipofika Sana'a walibadilishiwa ndege nyingine. Ndege iliyoanguka ilikuwa imekaguliwa Ufaransa mwaka 2007 ikakutwa na kasoro, na tangu hapo haikurudi huko. Iliendelea kuruka kwenda Moroni.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo. Abiria wa kisiwa maskini hana uchaguzi. Akikataa ndege mbovu, hana basi la kupanda. Shirika linajua hivyo, na ndege ambayo isingekubaliwa penye wakaguzi wakali hupelekwa pasipo na mkaguzi. Kinga ya abiria huyo haiwezi kuwa hiari ya mfanyabiashara. Ni lazima iwe sheria, mkaguzi na serikali yenye uwezo wa kusema hapana. Msiba mwingine uliyagusa majirani wote wawili tarehe 26 Februari 2022, wakati ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyosajiliwa Tanzania, iliyotoka Moroni, ilipoanguka baharini ikikaribia Mwali. Wote 14 waliokuwamo, marubani wawili na abiria 12, walipotea. Hiyo ilikuwa safari fupi ya ndani, safari ambayo kwa mtu wa Mwali ni kama kwenda wilaya ya pili.

Kwa upande wa Maore, tangu mwezi Januari 1995 Ufaransa imewataka Wakomoro wa visiwa vingine wawe na viza ili kuingia kisiwani humo. Kutoka Nzwani hadi Maore ni kiasi cha kilomita 70. Ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa harusi na maziko wakawa wahamiaji haramu. Asiyepata viza hupanda kwasa-kwasa, mashua ndogo zinazojazwa watu usiku, wakiwamo wajawazito na wagonjwa wanaotafuta hospitali. Taarifa ya Baraza la Seneti la Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya kati ya watu 7,000 na 10,000 waliokwisha kufa katika maji hayo tangu mwaka 1995. Hakuna ajali ya ndege yenye hesabu kama hiyo. Ni wazi basi kwamba kufunga njia halali hakuzuii watu kusafiri. Kunawahamisha tu kutoka kwenye njia yenye taa hadi kwenye njia ya giza.

Wala utajiri wa Ulaya haukukiondolea kisiwa hicho hali ya kuwa kisiwa. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliipiga Maore, kikabomoa makazi ya maskini na kuuharibu mnara wa kuongozea ndege katika uwanja wa Pamandzi. Ndege za abiria zikasimama, na kwa siku nyingi chakula, maji na waganga vilitegemea ndege za kijeshi kutoka Réunion. Uwanja mmoja uliojeruhiwa ulitosha kukitenga kisiwa kizima na dunia.

Historia hii ina mafunzo ambayo hayawahusu Wakomoro peke yao. Viwanja vya visiwa vidogo na vya sehemu za mbali havitajilipia kwa nauli. Abiria ni wachache na gharama ni kubwa. Anayengoja faida kwanza ndipo apeleke ndege hatapeleka ndege. Barabara ya kijijini haiulizwi imeingiza faida gani, na uwanja wa Bandar es Eslam au wa Ouani ni barabara ya watu wa huko. Ruzuku kwa njia kama hizo ni gharama ya kuwa taifa moja. Pili, uwanja bila zimamoto, bila mtabiri wa hali ya hewa na bila chombo cha kuokoa watu baharini ni nusu ya uwanja. Tatu, nchi ndogo haiwezi kubeba mzigo wote wa ukaguzi na uokoaji peke yake, na majirani wanaotumia anga moja na bahari moja wana kila sababu ya kuubeba pamoja.

Tanzania ina nafasi yake katika jambo hilo. Wagonjwa na wafanyabiashara wa Komoro huja Dar es Salaam kwa wingi, na katika miaka ya karibuni Shirika la Ndege la Tanzania limekuwa likiruka kwenda Hahaya. Njia hiyo ni fupi, lakini imebeba historia ndefu: wapigania uhuru wa MOLINACO, askari wa mwaka 2008, na familia zenye nyumba pande zote mbili za bahari. Wazee walingoja kaskazi na kusi ili waonane. Vizazi vya leo havina sababu ya kungoja upepo, maadamu serikali zitakumbuka kwamba mlango wa nyumba hauachwi kuoza kwa sababu tu hauleti faida.